Nyota Tano za Chumba Baridi

Nchi ninayoisimulia ina jina, tena jina zuri, ila silitaji. Kibali cha kulitaja hutolewa na mtu ambaye kwa sasa yuko likizo, na mimi ni mtu wa kufuata taratibu. Itoshe kusema ni nchi ya joto. Asubuhi kuku wanahema, mchana mishumaa inajipinda yenyewe kabatini, na jioni watu hutoa viti nje wakaulizana kama jana haikuwa afadhali.

Katika nchi hiyo mimi ni Afisa Itifaki Daraja la Pili. Kazi yangu ni kuhakikisha mgeni rasmi hatoki jasho. Watu wa nchi nyingine wakisikia hivyo hucheka, maana kwao jasho ni maji tu. Kwetu ni suala la heshima ya dola. Kiongozi akitoka jasho hadharani, wananchi watadhani na yeye anasikia joto, na wakishadhani hivyo watauliza kwa nini basi hafanyi kitu. Kwa hiyo popote anapokwenda mgeni rasmi, mimi na wenzangu tunatangulia na viyoyozi vyetu vya magurudumu na lori la jenereta, tunakipoza chumba mpaka ukikalia kiti unashtuka, ndipo yeye anaingia akitabasamu.

Ipo kanuni ya pili, na hii naisema kwa fahari kwa kuwa niliiandika mwenyewe: mgeni rasmi haondoki mpaka mwenyeji amletee kahawa ya kuagia. Kuondoka kabla ya kahawa ni kumdhalilisha mwenyeji, na mwenyeji ni mwananchi, na mwananchi, kwa mujibu wa Katiba, ndiye mwenye nchi. Yuko waziri mmoja zamani aliyeondoka bila kahawa kwa sababu alikuwa na haraka. Leo anafuga bata, na haraka imemwisha.

Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri hivyo mpaka watu wa kawaida nao walipoanza kununua viyoyozi. Wenyewe walisema wanasikia joto. Umeme wa taifa ukaelemewa, ukawa unakatika hata kwenye hotuba, na kuna hotuba moja ya Bajeti ambayo mpaka leo hatujui iliishaje. Serikali ikaamua kugawa umeme kwa mafungu. Kila nyumba ikapewa fungu lake la mwezi. Ukilimaliza, mita inajikata, unakaa gizani ukisubiri mwezi mpya pamoja na wenzako walio wavivu wa kupanga matumizi.

Waziri wetu wa Nishati, Mheshimiwa Dakta Kipupwe, akasafiri ng'ambo kutafuta ufumbuzi. Alitafuta kiangazi kizima. Kulipoanza kupoa akarudi, akashuka kwenye ndege ameinua kijikaratasi alichokibandua kwenye kiyoyozi cha hoteli aliyofikia.

"Ndugu wananchi," alisema pale pale uwanjani, chini ya hema tulilokuwa tumelipoza tangu alfajiri, "wenzetu wana nyota. Mashine inayotumia umeme vizuri wanaibandika nyota nyingi, inayofuja umeme wanaibandika nyota chache. Mwananchi anakwenda dukani, anatazama nyota, ananunua, anarudi nyumbani kulala. Hahitaji elimu. Sasa nauliza, sisi tumekosa nini hata tushindwe kuwa na nyota?"

Watu walipiga makofi, na wiki ile ile ikazaliwa Taasisi ya Taifa ya Nyota. Mkurugenzi wake akateuliwa Injinia Sijaona, msomi wa kutegemewa, mwenye shahada ya ujenzi wa madaraja. Nchi yetu haina mito ya maana, kwa hiyo alikuwa na nafasi.

Siku ya jaribio la kwanza nilikuwepo, na naweza kueleza kila kitu. Nimtendee haki Injinia: alitaka kukipasha moto chumba cha majaribio. Alinivuta pembeni akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba msamaha, kwamba kiyoyozi hupimwa kwenye joto, tunaangalia kinaondoa joto kiasi gani kwa umeme kiasi gani, basi, hiyo ndiyo hesabu yenyewe.

"Waziri atakuwepo?" nilimuuliza.

"Ndiye mgeni rasmi."

"Kwa hiyo unataka atoke jasho?"

Injinia alikwenda kuchomoa hita zake. Ni kijana mwenye malezi mazuri. Tukakipoza chumba kama kawaida, Waziri akaingia na koti lake la sufu, akaketi, na jaribio likaanza.

Ya kwanza ilikuwa mashine kubwa iitwayo Dubu Mkuu, sawa na kabati la nguo la mtu mwenye nguo. Ilipowashwa ilinguruma, ikatikisa ukuta, ikanusa hewa ya chumbani, ikakuta baridi ipo tayari, ikajizima. Sindano ya kupimia umeme ikarudi sifuri.

"Imekula nini?" aliuliza Waziri.

"Haijala kitu, Mheshimiwa," alisema Injinia.

"Na chumba kina baridi?"

"Kina baridi, Mheshimiwa."

Waziri alitutazama mmoja mmoja kama mtu aliyeona muujiza na anataka mashahidi. Dubu Mkuu ikapewa nyota tano. Zikafuata nyingine za aina hiyo hiyo, zikanguruma, zikanusa, zikajizima, zote nyota tano.

Mwishoni ikaletwa mashine nyembamba, nyeupe, iitwayo Chiriku. Hiyo haikunguruma. Ilianza kuvuma taratibu, na hata ilipokuta baridi ipo haikuzimika. Ilipunguza mwendo tu ikaendelea kuvuma, na sindano ikabaki imejiinua kidogo, haitaki kulala.

"Mbona hii haitulii?" aliuliza Waziri.

"Mota yake ndivyo ilivyo, Mheshimiwa. Haizimiki na kuwaka. Kazi ikipungua inakwenda polepole."

"Yaani inaendelea kufanya kazi?"

"Inaendelea."

"Wenzake wote wamekwisha kupumzika?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

Waziri alisimama. Ile hotuba ilichapishwa baadaye kwa rangi, nami ninayo nakala. Alisema huo ndio ufujaji ambao serikali yake inaupiga vita. Alisema mtumishi bora ni yule anayeingia ofisini, anakuta mambo yanaendelea, anajizima. Mtumishi anayevumavuma kutwa nzima, kila saa anakula umeme wa umma, huyo ni mzigo, hata kama anakula kidogo. Watumishi wa Wizara waliokuwepo walipiga makofi kwa hisia, wengine nusura walie. Chiriku ikapewa nyota moja, nayo kwa huruma, na sheria ikatungwa kwamba mashine ya nyota moja ni marufuku kuwashwa kama kiyoyozi katika nyumba yoyote ya nchi.

Sasa nije kwa jirani yangu.

Bi Nuriati hushona majoho ya mahakimu. Mumewe, Mzee Kombo, alipiga tarumbeta katika bendi ya polisi mpaka alipostaafu, na moyo wake ulistaafu muda mfupi baada yake. Daktari alimwambia Bi Nuriati waziwazi: mzee akae kwenye chumba chenye ubaridi, kiangazi kikija. Joto jingine kama la mwaka uliopita, moyo ule hautalibeba.

Kiangazi kilikuwa kinakuja. Nikamsindikiza Bi Nuriati dukani kwa Bwana Mahfudhi, nimwonyeshe raia mwema anavyonunua kwa kuzingatia nyota.

"Nataka kiyoyozi kisichonimalizia fungu langu la umeme," alisema.

Bwana Mahfudhi alitazama beji yangu kwanza. "Vyote hivi vina nyota tano, mama."

"Vyote?"

"Vyote. Taasisi imevibariki."

"Sasa nyota zinanisaidiaje kuchagua?"

"Unachagua rangi."

Bi Nuriati alizunguka duka lote, mkono kiunoni. Duka lilikuwa na ubaridi wa kupendeza, jambo ambalo nilidhani linatokana na unene wa kuta. Kisha akasimama mbele ya kitu chembamba kilichofunikwa kitambaa cha maua.

"Na hiki?"

"Hicho ni Chiriku, kina nyota moja. Nakitumia kama kigoda."

"Kigoda chako kinapuliza upepo."

Bwana Mahfudhi aliniomba nikamwangalizie gari lake kama halijazibwa na mtu. Mlango ulikuwa wazi, kwa hiyo nilisikia. Alimwambia kwamba nyota za kweli zingemweleza umeme wa kiasi fulani utampa baridi kiasi gani, lakini hizi zetu zinamweleza mashine ilivyokaa kimya mbele ya Waziri. Dubu Mkuu, alisema, ukiiweka kwenye chumba kidogo chenye joto, inanguruma, inazima, inanguruma tena, na kila ikiamka inakula kama imetoka kufunga. Chiriku inakula kidogo kidogo tu, inatosha, inaendelea. Akamwambia pia kwamba hawezi kumuuzia, maana ana watoto, na sheria inasema kifungo.

Mimi niliyachukulia kuwa maneno ya wafanyabiashara. Tukatoka na Dubu Mkuu, rangi ya maziwa.

Sitaki kusema uongo, kwa hiyo nitasema tu nilichosikia kupitia ukutani. Dubu Mkuu ilipoamka, vyombo vyangu vya kabatini viligongana. Ilipolala, nilisikia Bi Nuriati akimuuliza mumewe kama anaona nafuu. Kabla mwezi haujafika katikati, ikaamka mara moja, ikaguna, na nyumba yao yote ikawa giza. Fungu lilikuwa limekwisha. Kuanzia hapo nilisikia ungo. Alikuwa akimpepea kwa ungo wa kupepetea mchele, mkono ukichoka anabadilisha, mzee akimwambia aache na yeye akimwambia anyamaze. Miguu ya mzee ilivimba. Nilikuwa naupenda sana utaratibu wa nchi yetu, lakini sauti ya ule ungo ilinikosesha raha.

Bi Nuriati alikwenda kwenye Taasisi. Nilikwenda naye ili asipige kelele. Injinia Sijaona alimpokea vizuri, akamketisha, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mama, ulipoiwasha mashine, chumba kilikuwa na hali gani?"

"Kilikuwa cha moto. Ndiyo maana niliiwasha."

"Hapo ndipo tatizo lilipo. Mashine yako imethibitishwa kwa matumizi ya chumba kilichokwisha kupoa. Inabidi upoze chumba kwanza, halafu ndiyo uiwashe."

"Nikipoze kwa nini?"

"Kwa kiyoyozi, mama."

"Kipi?"

"Cha nyota tano," alisema Injinia, akiangalia kalamu yake. "Cha pili."

Bi Nuriati alimtazama kwa jicho lile la mshonaji anayepima mabega. Akasema anaomba mashine yake ijaribiwe upya, nyumbani kwake, chumbani kwa mumewe. Injinia akasema hilo linaruhusiwa, mradi awepo mgeni rasmi. Mimi mwenyewe ndiye niliyeandika mwaliko kwa Waziri, kwa maneno mazuri ambayo Bi Nuriati hakuyajua, na nilifurahi alipoyakubali bila kubishana. Nilidhani ameshaelimika.

Mheshimiwa Dakta Kipupwe alikubali haraka, maana alikuwa anatafuta nyumba ya maskini ya kupigia picha.

Tulifika alfajiri. Viyoyozi vinane vya magurudumu tuliviingiza kwa mlango wa mbele na wa nyuma, lori la jenereta tukaliegesha uani chini ya kamba ya nguo, na mchana ulipofika Mzee Kombo aliomba blanketi. Halafu akalala. Niliingia kupanga viti nikamkuta amelala, mdomo wazi, kifua kinapanda na kushuka bila kukwama, na mkewe amekaa ukingoni mwa kitanda, ungo umelala sakafuni. Nilitoka kwa ncha za vidole.

Waziri aliingia na kamera. Dubu Mkuu ikawashwa, ikanguruma, ikanusa, ikajizima. Makofi.

"Mama, mimi sioni tatizo," alisema Waziri.

"Hata mimi silioni, Mheshimiwa. Karibu ule."

Alipika pilau ya kuku, kachumbari, na maharage ya nazi kwa ajili ya askari wa msafara. Waziri alikula, akasifu, akaongea kidogo kuhusu nyota, akatazama saa. Ukafika wakati wa kahawa. Kahawa haikuja. Nilimfuata jikoni.

"Bi Nuriati, mgeni anasubiri kahawa ya kuagia."

"Ipo njiani."

"Inatoka wapi?"

"Shambani kwa dada yangu. Nimetaka anywe ya kwetu, siyo hii ya makopo. Mbuni wenyewe umeanza kutoa maua."

Nilikaa kwenye kinu. Nilitafuta katika kichwa changu kila kifungu cha Mwongozo wa Itifaki, na kila kifungu kilikuwa upande wake. Mgeni rasmi haondoki bila kahawa. Mgeni rasmi, maadamu yupo, hatoki jasho. Viyoyozi vyetu haviondoki maadamu mgeni rasmi yupo. Na dizeli ya lori ilikuwa ya Wizara, haina fungu.

Nilipomweleza Waziri, alifikiri kuhusu yule mwenzake mwenye bata, akaomba godoro.

Siku zikapita. Wizarani kazi ziliendelea kama kawaida, maana yake ni kwamba hakuna aliyegundua kuwa hayupo. Katibu wake alipoulizwa alisema Mheshimiwa yuko kwenye ziara ya kujifunza. Mkewe alidhani yuko ng'ambo, akampigia simu amletee manukato. Waziri alikaa sebuleni kwa Bi Nuriati na koti lake la sufu, akicheza drafti na Mzee Kombo kwa vizibo vya soda, na kwa kuwa mzee alikuwa anapona, alikuwa anashinda.

Miguu ya mzee ilirudi kuwa miguu. Akaanza kutembea mpaka mlangoni. Siku moja akashusha tarumbeta kutoka juu ya kabati, akaifuta, akaijaribu, na pumzi ikakubali. Nyimbo za bendi ya polisi alizokuwa anazikumbuka vizuri ni chache, na uliokuwa unamtoka bila kukosea ni Wimbo wa Taifa. Kila alipoupiga, ilimbidi Waziri ainuke asimame wima, mikono ubavuni. Mzee alikuwa na hamu kubwa ya kufanya mazoezi.

Ilikuwa baada ya mazoezi ya aina hiyo, Waziri bado amesimama na drafti imemwagika miguuni pake, ndipo alipomwita Bi Nuriati.

"Mama, nimeshiba, nimelala, nimeimbiwa. Niambie unataka nini."

"Nataka kigoda cha Mahfudhi."

Akamweleza habari ya Chiriku. Alimweleza bila kelele, huku akitunga uzi kwenye sindano, kwamba hizi mashine zako nane zitaondoka na wewe, na siku zitakapoondoka mimi nitarudi kwenye ungo, na mkono wangu una mwisho wake. Akasema, "Mume wangu atakufa, Mheshimiwa, na ile Dubu itakuwa imesimama pale ukutani na nyota zake zote."

Waziri alimtazama Mzee Kombo, ambaye alikuwa anaokota vizibo. Kwa kweli walikuwa wamezoeana. "Sheria ile ni yangu mwenyewe," alisema. "Nikiivunja wataona sikuielewa."

"Basi ngoja kahawa iive."

Hapo ndipo utaalamu wangu ulipohitajika, na sioni haya kusema kwamba niliutoa. Nilikohoa nikawakumbusha kwamba sheria inakataza kuwasha mashine ya nyota moja *kama kiyoyozi*. Haisemi lolote kuhusu mapambo. Picha za ukutani hazipimwi nyota, wala saa, wala maua ya plastiki. Kama Mheshimiwa angemruhusu mwananchi kutundika pambo ukutani, ni jambo la kawaida kabisa, na kama pambo hilo lingekuwa na tabia ya kutoa upepo, hiyo ni tabia yake, serikali haihusiki.

Waziri alinitazama kwa upendo ambao sijawahi kuuona kwa mkubwa yeyote. Akaandika kibali: *Pambo la ukutani, jeupe, lenye tabia ya upepo.* Kabla wino haujakauka kahawa ilikuwa mezani, ya makopo, na sukari pembeni.

Chiriku ikatundikwa juu ya kitanda cha Mzee Kombo. Ilivuma mchana na usiku bila kuchoka, na mwezi ulipokwisha fungu la umeme lilikuwa bado lipo. Mkaguzi wa Taasisi alikuja mara moja, akasimama mbele yake, nywele zikipepea, akaandika kwamba ni pambo la kupendeza, akaomba kukaa kidogo alitazame vizuri.

Waziri naye akajiandikia kibali cha pambo kwa chumba chake. Mawaziri wenzake, ambao hawakosi kuona mwenzao akilala vizuri, wakaomba mapambo. Wakafuata makatibu, wakuu wa mikoa, na mashemeji wa wakuu wa mikoa. Nyumba kubwa zote za mji zikawa na mapambo meupe, na kwa kuwa nyumba hizo ndizo zilizokuwa zinakula umeme mwingi kuliko zote, matumizi ya taifa yakashuka vibaya sana, kwa maana ya vizuri.

Taasisi ilichunguza sababu za mafanikio hayo, ikagundua ni nyota tano.

Kwenye mitaa isiyo na vibali mambo yalikuwa mengine. Kule Dubu Mkuu zilinguruma mpaka katikati ya mwezi zikanyamaza. Kiangazi kile nilikwenda mazishini mara nyingi kuliko nilivyokwenda harusini, wazee kwa wazee, na kila cheti kilisema uzee. Nilijaribu kujiambia kwamba uzee nao ni ugonjwa. Nilipokuwa narudi nyumbani na kusikia tarumbeta ya Mzee Kombo, nilifurahi, na nilipofika mlangoni kwangu ile furaha ilinichoma, kwa sababu najua ni nani aliyebuni neno pambo, na kwamba alilibuni kwa nyumba moja tu.

Serikali ikaandaa sherehe ya Nyota. Ukumbi tuliupoza siku mbili. Injinia Sijaona alivishwa nishani, Waziri akahutubia, kisha akaitwa Bi Nuriati jukwaani, awe ushuhuda wa mwananchi aliyefaidika. Nilimwandalia maneno, lakini karatasi niliyompa alikuwa ameikunja tangu njiani akijipepea nayo. Alisimama kwenye kipaza sauti. Waziri alikaa mbele kabisa, na nilimwona akishika mikono ya kiti, maana neno moja tu la yule mama lingetosha kuwaondolea watu wote pale ukumbini mapambo yao, naye akiwa wa kwanza kuondolewa lake.

"Tangu Mheshimiwa alipotutembelea," alisema Bi Nuriati, "mume wangu analala vizuri. Na tangu alipoondoka, umeme unabaki. Namshukuru kwa yote mawili."

Ukumbi ulipiga makofi. Waziri alipiga makofi kwa uangalifu.

Watu walipokuwa wanatoka, nilimsaidia Bi Nuriati kumwongoza mzee mpaka kwenye gari la Itifaki, ambalo nilikuwa nimeliazima kwa ajili yao. Tulikuwa tumekwisha kumketisha ndipo Injinia Sijaona alipotukimbilia kutoka upande wa nyuma ya ukumbi, nishani ikimgonga kifuani.

"Mama, samahani. Lile pambo. Mtu anakipataje kibali?"

"Kwa Waziri," alisema Bi Nuriati. "Wewe uko naye kila siku."

"Siwezi kumuomba."

"Kwa nini?"

"Mimi ndiye niliyetoa nyota. Nikiomba, atajua kwamba nilijua."

Injinia alivua nishani akaitia mfukoni, pengine kwa sababu ilikuwa inamsumbua.

"Ni mama yangu," alisema. "Daktari ameniambia kuhusu moyo wake maneno yale yale aliyokuambia wewe. Nimemwekea Dubu Mkuu, nikaongeza ya pili ya kupoza chumba kwanza, kama nilivyokushauri. Fungu lilikwisha wiki ya kwanza. Sasa hivi dada yangu anampepea."

Nilimtazama Bi Nuriati nikisubiri amwambie anayostahili kuambiwa. Nilikuwa tayari kusimama upande wake, na kifungu cha itifaki cha kumlinda nilikuwa ninacho. Yeye alikuwa anaangalia mikono ya yule kijana.

"Chumba anacholala mama yako," alimuuliza, "kinapigwa na jua la asubuhi au la alasiri?"

Injinia Sijaona, ambaye hakuna kiyoyozi katika nchi yetu ambacho hakukipa nyota zake, hakujua.

"Na ukubwa wake?"

Hilo nalo hakulijua.

"Basi ingia ndani ya gari," alisema Bi Nuriati, "twende tukakione." Akamwambia mzee asogee kidogo, ili tupate kuketi wote.